Karani wa Mizani

Nimepima korosho za Mahuta misimu kumi na mmoja.
Gunia lililomwagiwa maji usiku ili lizidi kilo
nalijua kabla sijaligusa:
linakaa vibaya, linaegemea, halikutazami.

Swali lilitoka nyuma, kwenye benchi la wapiga salfa,
kwa upole, kama mtu anayeomba kiberiti:
Ndugu mgombea, wewe unaswali wapi?
Au unasali wapi?

Fikiri Likapa alikuwa ameshika spana.
Sijui kwa nini alipanda nayo jukwaani;
labda mikono yake haikujua pa kukaa.
Alikuwa amemaliza kueleza habari za pampu,
za bomba la nchi mbili, za ndoo ya maji
itakayoshuka toka mia tano hadi hamsini,
na tulipiga makofi, mimi nikiwemo.

Baba yake alizikwa kwa sanda, chini ya barabara.
Mama yake, Skolastika, alikuja toka Ndanda na rozari
akaondoka duniani nayo kidoleni.
Angeweza kusema msikiti. Angeweza kusema kanisa.
Ukoo ule ulikuwa na mlango kila upande.
Hata “nitaanza Ijumaa” ingetosha,
sisi ni watu wepesi kusamehe.

Akasema: Siswali. Wala sisali.
Nilijaribu huku na huku, nikajikuta naongea peke yangu.
Sitawadanganya kwa ajili ya kiti.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa afadhali.
Mwenyekiti alikohoa, kipaza sauti kikakohoa naye,
na mtoto mmoja akamuuliza mama yake:
Kwani inaruhusiwa?

Nangomwa wiki ile hakusema neno.
Alipeleka majamvi sita msikitini,
mabati ishirini kigangoni,
na kote alikaa safu ya mbele.
Yeye huyo ndiye aliyenunua kwa kangomba
korosho za wajane zikiwa bado maua.
Najua. Zilipita mkononi mwangu
zikiingia ghalani kwa jina lake.
Lakini tulimwona kipaji chake kina vumbi.
Tulimwona, basi.

Usidhani ni ujinga tu.
Bi Esha Nantende alinieleza akipepeta mtama:
Diwani ni mtu wa misiba, karani.
Kila wiki anasimama makaburini kwa niaba yetu.
Tukiinua viganja, yeye vyake ataviweka wapi?
Mfukoni?

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.
Ingawa nakumbuka kaburi la mumewe,
masika, udongo ukirudi shimoni kila ukitolewa,
na aliyekuwa mle ndani na jembe,
tope mpaka kiunoni, ni Fikiri.
Mikono yake siku ile ilikuwa na pa kukaa.
Nilitaka kumkumbusha. Pepeto lake lilikuwa na kelele,
nikajiambia nitarudi.

Oktoba. Darasa la nne,
ramani ya Afrika imeliwa na mchwa upande wa kusini.
Nyuma ya lile boksi la karatasi ngumu
hapakuwa na mtu ila mimi na kalamu iliyofungwa uzi.
Hapa hata Mungu anageuka pembeni, nilijiambia,
halafu nikaogopa kwamba hageuki.
Nikaweka tiki.

Mia tatu na kumi na mbili kwa Nangomwa.
Hamsini na tisa kwa Fikiri.
Hamsini na tisa! Bado nawatafuta mtaani kwa macho,
nani na nani, kama mtu anayedai.

Jumatatu pampu ilikwama.
Hakuitwa, alikuja. Akalala chali kwenye tope,
spana ikagonga chuma, tukasubiri
kwa ndoo na madumu, foleni hadi kwenye mnada,
Bi Esha mbele yangu, viganja vimefungamana,
na maji yalipopiga chafya yakatoka
wengine walisema alhamdulilahi,
wengine wakasema asante Yesu.

Fikiri alifuta mikono kwenye suruali.
Akanitazama kwa muda, akacheka kidogo:
Karani, mbona leo umesimama
kama gunia lililomwagiwa maji?